Zamu Asiyepiga Filimbi

Sufuria ya kwanza hulia kama imeanguka yenyewe. Unaamka, unasikiliza, unajiambia ni panya. Ya pili ikilia, habari ya panya imekwisha. Inafuata ya tatu, ya nne, kisha vifuniko, ndoo, filimbi, sauti za wamama kutoka bondeni hadi kileleni, mpaka mtaa wote wa Cimpunda, hapa Bukavu, unakuwa jiko moja kubwa linalogongwa gizani. Wezi wenye silaha wameingia kwa mtu. Majirani hawana bunduki, na namba ya simu waliyopewa haipokelewi, basi wanapiga walicho nacho. Kukicha, sufuria zile zile zinasongewa bugali. Ya kwetu ilibonyea upande mmoja tangu zamani, na mama hajakubali hata siku moja ipelekwe kwa fundi ikanyooshwe.

Kwa miaka mingi sikuuhusisha mlio huo na Zaburi. Zaburi nyumbani kwetu zilikuwa jambo la kunong'ona. Oktoba 1996, vita ilipoingia mjini, mama alitulaza sakafuni katikati ya kuta mbili, magodoro yameegemezwa dirishani, akatusomea ya 91 na ya 121 kwa sauti ndogo mno, hata maneno mengine tuliyajaza wenyewe kwa sababu tuliyajua kwa moyo. Agosti 1998 akarudia. Juni 2004, waasi wa Nkunda na Mutebutsi waliposhika mji kwa siku chache, akarudia tena. Waliomtangulia kwa umri wangeanza kuhesabu kutoka 1967, mamluki wa Jean Schramme walipojichimbia Bukavu tangu Agosti hadi Novemba. Mji huu una kalenda yake ya kulala chini.

Ndiyo maana nilikua nikidhani kwamba kumtumaini Mungu ni kunyamaza. Anayetumaini hapigi kelele. Anayepiga kelele imani yake ina kasoro. Wahubiri hawakunifundisha vinginevyo. Aliyenivuruga mawazo ni zamu mmoja mzee, usiku mmoja, kwa sentensi moja.

Neno zamu lahitaji maelezo kwa msomaji wa Mombasa au Unguja. Kwao zamu ni awamu ya kazi, mtu huishika kisha akampisha mwenzake. Kwetu, kama ilivyo Bujumbura, zamu ni mtu mwenyewe: mzee mwenye koti zito, tochi na rungu, anayekesha langoni pa mwenye uwezo. Kazi imemmeza mfanyakazi mpaka jina lake. Tena zamu wa kwetu hana wa kumpokea zamu.

Siku hizi ninapanga Panzi, si mbali na ile hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, na ukuta wangu unapakana na nyumba ya ghorofa yenye lango la chuma. Zamu wa nyumba hiyo ametoka Walungu. Ni Mkatoliki wa shirika, mtu wa rozari, na Zaburi anazijua kwa sikio kuliko kwa macho. Inapofika saa nane usiku, hulala. Mwenye nyumba anajua, sisi majirani tunajua, na wezi, nadhani, wanajua pia. Niliwahi kumtania juu ya jambo hilo, naye hakukana. "Mwanangu," alisema, "hakuna mtu wa kukesha mwaka mzima. Mimi wananilipa nionekane."

Zaburi ya 121 ni wimbo kuhusu zamu. Ina aya nane tu, na katika Kiebrania mzizi wa neno la kulinda unarudi mara sita, kama hatua za mlinzi anayezunguka ukuta. Ni mojawapo ya zile 15 zinazoitwa nyimbo za kupanda, kuanzia ya 120 hadi ya 134, ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa nyimbo za mahujaji wakielekea Yerusalemu. Habari ya kupanda haihitaji mfasiri hapa. Mji umetundikwa juu ya vilima. Maji hupanda kwa bidoni, mkaa hupanda, mchanga wa kujengea hupanda, na gunia la unga wa muhogo hupanda kutoka bandarini hadi soko la Kadutu likiwa mgongoni mwa mama, mkanda umemkaza kwenye paji la uso. Mweleze mama huyo kwamba Biblia ina nyimbo za kupanda, atakuuliza za kushuka ziko ukurasa gani.

Wimbo unaanza kwa macho yanayotazama milima, na hapo hapo unauliza msaada utatoka upande gani. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ya mwaka 1952, waliliweka swali kama swali. Waingereza wa 1611 waliiacha sentensi itiririke kana kwamba msaada unashuka wenyewe kutoka huko juu. Nawashukuru wale wa 1952. Asubuhi isiyo na ukungu, upande wa kaskazini-magharibi, unaona Kahuzi, mita 3,308, na Biega pembeni yake. Kuna mbuga huko tangu 1970, kuna sokwe, kuna picha nzuri za kalenda. Lakini mtu wa Bukavu hainui macho yake milimani kwa ajili ya kalenda. Milimani ndiko walikotoka jamaa zake wa Kabare na Kalehe wakiwa na magodoro kichwani, na ndiko wenye silaha wanakoshukia. Nadhani msafiri wa Zaburi naye alikuwa na hofu ya aina hiyo: njia yake ilipita kwenye vilima, na vilima vya njiani huficha watu. Anatazama, anauliza, kisha anajijibu kwamba msaada unatoka kwa aliyeiumba ile milima. Milima yenyewe haiahidi kitu.

Wala haitulii. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wakiwa ibadani, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Kuta zilianguka mjini, na ng'ambo, upande wa Rusizi, kanisa liliwaangukia waumini. Zaburi ya 46 inasema mtu hataogopa hata milima ikitupwa katikati ya bahari. Ni maneno makubwa. Mhubiri niliyemsikia akiyasoma juma lililofuata aliitazama dari kwanza.

Sasa nirudi kwa zamu wangu. Ijumaa ya tarehe 14 Februari 2025, waasi wa M23 walikuwa wameshika uwanja wa ndege wa Kavumu. Askari wa serikali wakaondoka mjini, gereza kuu likabaki tupu, maghala yakaporwa, watoto wakaonekana na bunduki zilizoachwa. Jumapili ya tarehe 16 waasi walikuwa katikati ya mji. Baina ya siku hizo mbili ulikuwapo usiku wa Jumamosi ambao haukuwa na mwenyewe. Mwenye nyumba ya ghorofa alikuwa amekwisha vuka Ruzizi na familia yake, funguo akamwachia mzee. Kama saa tisa nilitoka uani kwa sababu usingizi ulinikataa, nikaona mwanga wa tochi ukitembea juu ya ukuta.

"Papa, leo hukulala?"

"Leo mji mzima ni mazamu, mwanangu."

Tukasimama, kila mtu upande wake wa ukuta. Risasi zilikuwa mbali, kisha zikawa si mbali sana. Mtu akiogopa husema chochote, nami nikasema kile nilichofundishwa kusema: kwamba hata hivyo yule wa Zaburi yu macho, usingizi haumpati. Mzee hakujibu upesi. Nilimsikia akifunga kifungo cha koti.

"Yu macho, ndiyo," alisema. "Lakini hapigi filimbi."

Nilitafuta jibu. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka kumi na moja. Majibu nilikuwa nayo kabatini, yamekunjwa vizuri. Hata moja halikutoshea. Zamu anayelala tunamwelewa, tena tunamsamehe, mshahara wenyewe ni mdogo. Lakini zamu aliye macho, anayemwona mwizi akiruka ukuta, anayemjua mwizi kwa jina, akanyamaza! Sikumwona mzee kama mtu anayekufuru. Alisema kama fundi anavyozungumzia kazi ya fundi mwenzake.

Niliingia ndani, nikawasha simu kwa mwanga, nikaisoma Zaburi kwa namna ambayo sikuwahi kuisoma, yaani nikimtafutia mzee wa Walungu mashahidi. Nikawapata. Zaburi ya 44 ni kilio cha watu walioshindwa vitani, waliouzwa kwa bei ya chini, wanaochekwa na majirani, nao wanasisitiza kwamba Mungu wao hawajamsahau. Karibu na mwisho wanamgeukia na kumuuliza waziwazi analalia nini, na wanamtaka aamke. Ya 78 inathubutu zaidi, inamsimulia akiinuka usingizini kama shujaa aliyechangamshwa na divai. Kwa hiyo katika kitabu kimoja, ambacho tunakibeba kwapani kwenda nacho kanisani, wimbo mmoja unaapa kwamba Mungu halali na mwingine unamgongea mlango. Walioukusanya mkusanyo huu walikuwa na muda wa kutosha kuuficha mmoja. Hawakuuficha.

Kuna kisa katika Mishna ya Wayahudi ninachokipenda mno. Hekaluni, Yerusalemu, walikuwapo Walawi walioitwa waamshaji. Walimu wa Talmudi wanaeleza kazi yao: kila siku walipanda jukwaani na kutamka ule mstari wa Zaburi ya 44 unaomwamsha Mungu. Kisha akaja Yohana Kuhani Mkuu, yule Hirkano wa karne ya pili kabla ya Kristo, akakomesha desturi hiyo. Hoja iliyosimuliwa baadaye ni ile ambayo ungeitegemea: kwani Mungu hulala?

Hirkano huyo namfahamu. Nimekaa naye kwenye vikao vingi. Ndiye mzee wa kanisa anayekuja mbele wakati wa mkesha, mama mmoja anapolia kupita kiasi kilichokadiriwa, akamgusa bega: tulia, mama, Mungu si kiziwi. Kila kanisa lina Hirkano wake, na kwa kawaida ni mtu mwema, msafi, anayetunza saa. Simchukii. Ila tangu usiku ule siko upande wake, na sababu yangu si ya kiteolojia. Ni ya sufuria.

Mtu hapigi sufuria mahali anapojua hapana mtu. Katika siku zile za Februari nilipita mitaa ambayo wakazi wake walikuwa wamevuka mpaka au wamehamia kwa ndugu, na usiku wake ulikuwa kimya, milango ikivunjwa kwa utulivu kabisa. Aliyebaki peke yake huko hakugonga chochote. Alijificha chini ya kitanda akaziba pumzi. Anayegonga ni yule ambaye bado anaamini kuwa ng'ambo ya ukuta yuko anayesikia, na kwamba huyo anayesikia ana wajibu juu yake. Anaweza kumtukana huku akigonga. Anaweza kusema mmelala nini, mnataka tufe? Lile tusi lina imani ndani yake kuliko dua nyingi zenye adabu nilizosikia. Waamshaji wa Hekaluni, nafikiri, walijua vizuri sana kwamba Mungu halali. Walimwambia aamke kama mama wa Cimpunda anavyowaambia majirani ambao anajua fika wameshaamka na wako nyuma ya milango yao, wanahesabu risasi.

Baadaye nilimuuliza mama kwa nini sisi tulilelewa kwa kunong'ona, ikiwa Zaburi zenyewe zina makelele hivyo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanashuka. "Niliwanong'oneza ninyi, msiogope," alisema. "Yeye nilikuwa namfokea."

Pamoja na hayo, hoja yangu ya sufuria ina shimo, na shimo lenyewe liko Nyawera. Tarehe 29 Oktoba 1996, mji ukiwa unaanguka, Monsinyori Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, Askofu Mkuu wa Bukavu tangu 1994, aliuawa hapo na askari waliokuwa wakiingia. Alikuwa amekaa miaka miwili akiandika barua. Mwaka ule ule alipopewa jimbo, wakimbizi wa Rwanda walimiminika Kivu kwa mamia ya maelfu, naye akawaandikia wakubwa wa dunia, akaandika tena, akaonya, akasihi. Kama kuna aliyepiga sufuria mpaka ikatoboka, ni yeye. Hawakuja. Zaburi ya 121 inafunga kwa ahadi kwamba mtu atalindwa atokapo na aingiapo, na Munzihirwa jioni ile alikuwa ametoka. Amelala kando ya kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, na teksi zinapita Nyawera kila dakika, abiria wakigombana juu ya chenji.

Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Krismasi ya 1999 uliowakera wenye mji wa wakati huo, waasi wa RCD. Februari 2000 wakamzuilia Butembo, mbali na waumini wake. Septemba akarudi, na kurudi kwake kulikuwa kama zile nyimbo za kupanda zenyewe, watu barabarani, vitenge vimetandikwa. Tarehe 4 Oktoba alifariki Roma. Furaha ilidumu majuma matatu.

Wahubiri wana njia ya kulipita shimo hili. Wanasema kilicholindwa ni roho. Yamkini. Zaburi yenyewe inaitaja nafsi, sitabishana na maandiko. Lakini nimegundua kwamba wanaolikimbilia jibu hilo upesi ni wale ambao siku ile hawakuwa Nyawera. Ya 88 hailikimbilii. Ni wimbo wa mtu anayelia mchana na usiku, na unaishia gizani. Hakuna aya ya mwisho ya kuinua moyo, hakuna kibwagizo cha shangwe, mlango unafungwa na mwimbaji yuko ndani. Nao pia haukuondolewa kitabuni. Nikiwa na mtu aliyefiwa vibaya, ndio ninaomsomea, na mpaka leo hakuna aliyeniambia nimemvunja moyo. Mmoja aliomba niusome mara mbili.

Katika matanga ya mjomba wetu, Bagira, ukoo ulikutana wote, Wakatoliki na sisi Wapentekoste wa CEPAC. Mchungaji akatangaza ya 121 na kumwomba shangazi, mwalimu mstaafu, aisome. Shangazi alikuja na kitabu chake cha sala cha Kifaransa, na vitabu vya liturjia ya Kikatoliki hufuata hesabu ya kale ya Kigiriki na Kilatini, ambayo kwa sehemu kubwa iko nyuma yetu kwa namba moja. Ya 121 ya shangazi ni ya 122 ya mchungaji. Basi mbele ya jeneza, mwalimu wa watu, miwani puani, akaanza kutafsiri papo hapo wimbo wa mtu aliyefurahi mno kuambiwa twende nyumbani kwa Bwana. Vijana wakainama kuficha kicheko. Mchungaji alifungua mdomo, akaufunga. Shangazi akaendelea bila kutazama juu, mpaka sehemu ya mwisho ambako wimbo huo unauombea mji amani, kuta zake na nyumba zake na ndugu walio ndani yake, na alipofika hapo sauti ikamkatika, akavua miwani. Hakuna aliyemsahihisha. Bugali na sombe vikaletwa.

Mwenye nyumba ya ghorofa alirudi mwezi wa tano. Benki za mji zilikuwa zimefungwa tangu Februari, mzee hakuwa amepata hata faranga moja, akawa amelima lengalenga kando ya ukuta wote na kuuza mafungu kwa jirani, mimi nikiwamo. Kwa majuma alikuwa amekesha kweli kweli, mchana analima, usiku anazunguka, mpaka uso wake ukawa mdogo. Siku hiyo tajiri alicheleweshwa mpakani, akafika usiku saa nne akitembea kwa miguu, hakuna umeme, sanduku mkononi. Akagonga lango kwa kiganja. Kimya. Akaita jina la mzee. Akagonga kwa pete, kwa funguo, kwa kisigino. Mwishowe akaokota jiwe.

Chuma kwa jiwe usiku hakina sauti ya mwenye nyumba. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mtu akapiga sufuria. Akajibiwa na wa pili, na wa chini ya mteremko, na mimi, nakiri, nilikuwa nimeshachomoa kifuniko jikoni kabla ya kufikiri. Mtaa wote ukawaka kwa kelele, na tajiri katikati yake, jiwe mkononi, akipaza sauti kwamba ni yeye, ni yeye, na hakuna aliyemsikia.

Hapo ndipo mzee alipoamka, akapapasa mfukoni mwa koti gizani, akapata filimbi, akaipuliza.